Haya ya Shangazi

Miaka haimvamii mtu. Humwendea polepole, ikambadilishia kazi mikononi naye angali akidhani ni ile ile ya jana. Ndivyo ilivyomjia binti wa studio ya picha, ambaye ujana wake aliumaliza akiwaambia watu "inua kidevu kidogo" ili awapige picha za vitambulisho. Simu zilipoota macho, wateja walipungua, na pazia la buluu likafifia ukutani. Yeye hakulia. Alijifunza kukata video fupi mno, zinazojirudia bila kikomo, ambazo watu hutumiana simuni mahali pa maneno: mzee anayeguna, mtoto anayekataa dawa, mbuzi anayegeuka kama aliyetukanwa. Mtaa ukamwita Fundi Pete, kwa kuwa pete haina ncha.

Ustadi wake ulikuwa katika kiungo. Alitafuta mahali ambapo mkono wa mwishoni unakutana na mkono wa mwanzoni, akaiunga hata mtazamaji asijue duara limefungwa wapi. "Ukiuona mshono," alizoea kusema, "nirudishie kazi yangu."

Alikuwa na shangazi, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, mwenye uso unaosema kuliko vinywa vingi. Asubuhi moja Fundi alimwendea jikoni, simu mkononi ikirekodi, kuomba sukari kwa mara nyingine tena. Shangazi akasema, "Haya," akavuta pumzi, akalipindua kopo tupu: "Sina!" Wote wawili wakacheka, na Fundi akapewa ruhusa ya kuirusha video ile. Aliikata mchana, sauti ameizima kwa karaha ya nyundo ya fundi viatu wa chumba cha pili. Kopo likapinduka na kurudi kwa ulaini wa ajabu. Akairusha.

Kesho yake fundi viatu alichungulia mlangoni.

"We Fundi Pete, shangazi yako kakukosea nini?"

"Kwani vipi? Si watu wanacheka?"

"Wanacheka, tena sana. Hebu isikilize. Usiitazame, isikilize."

Fundi Pete akaifungulia sauti. Pumzi ilikuwa imebaki katikati ya maneno. Penye kiungo haikuwapo hata chembe. Video ikazunguka: haya… sina haya… sina haya… sina haya. Mwanamke mwenye heshima zake alikuwa akiwatangazia walimwengu, bila kuchoka, kwamba hana haya. Macho ya Fundi Pete yalikuwa yameshiba, masikio yakalala njaa.

Aliifuta papo hapo, lakini ilikwisha kuhamia simu za watu, na maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi naye alikwisha kufunga mlango na kuzima simu. Kwa Fundi, mlango ule ndio uliokuwa nyumbani. Hakuwa na mwingine wa kumwita mwanangu.

Hakujificha. Alikwenda jua likiwa utosini, akabisha.

"Nani?"

"Mimi, shangazi."

"Mimi yupi? Mwenye haya au asiye nayo?"

"Asiye na masikio."

Komeo likalia.

"Nilikupa uso wangu," shangazi alisema, amesimama kizingitini, "ukautia kinywa kisicho changu. Sokoni nasalimiwa 'sina haya'! Na mimi nanunua nyanya!"

"Nimekosa, shangazi. Nilikata kwa macho. Sitarusha tena neno la mtu kabla mwenyewe hajalisikia likizunguka."

"Na lililokwisha kwenda?"

"Hilo siliwezi. Ila naweza kulitumia mwenzake alifukuze, ukiridhia."

Shangazi alimpima kwa jicho, akajifunga upya kitambaa cha kichwani.

"Washa hiyo simu. Na usinifundishe la kusema, mdomo ninao."

Akainua kidole: "Haya ninayo!"

Fundi aliikata pale pale mlangoni, sikio ameliinamisha simuni kama amsikilizaye mgonjwa. Neno likazunguka: haya ninayo, haya ninayo. Shangazi akalisikiliza kwa makini, akaligeuza ulimini kutoka nyuma, ninayo haya, maana isitetereke.

"Hilo lizunguke mpaka lichoke," akasema. "Lirushe. Kisha uingie ndani, mwanangu, umesimama juani kama mdai."

Mola amzidishie Fundi Pete riziki ya halali na masikio yaliyo macho. Amdumishie shangazi yake heshima na afya. Awarehemu wazazi waliotangulia. Na nyumba ile aijalie mlango usiokawia kufunguliwa. Amina.