Mgodi na Kiwanda ni Kitu Kimoja

Mimi ni karani wa ushuru katika kiwanda cha saruji karibu na mji wa Satna, India, na hadi leo nikimkumbuka Bhurelal Kol damu inanichemka. Nusu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe.

Bhurelal alikuwa fundi wa mkanda, ule wa mpira unaotoa mawe ya chokaa mgodini na kuyaleta kiwandani, kilomita tatu. Kwa miaka kumi na tisa aliufuata kwa miguu kila siku, sigara ya bidi mdomoni, akisikiliza roda zinazoubeba, moja moja. "Hii inalia," alikuwa akisema, na kweli, kesho yake inavunjika.

Mwaka ule kampuni ilinunua mitambo mipya ya kuchimbia, ikataka ushuru uliolipwa kwenye mitambo hiyo upunguzwe katika ushuru wa saruji. Maofisa wakakataa: nafuu hiyo ni ya mitambo ya kiwandani, na mgodi uko nje ya uzio. Wakubwa wetu wakaja juu. Mgodi haumuuzii mtu mwingine hata jiwe moja! Wakatafuta shahidi, nami nikamtaja Bhurelal. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimpigia hati ya kiapo kwa taipu kisha nikamsomea: mgodi na kiwanda ni kitu kimoja, vimeunganishwa na mkanda.

"Hilo nalo la kuapia, karani?" alicheka. "Hata mbuzi wangu analijua."

Akaweka dole gumba. Kampuni ikashinda kesi, na ofisini tukala ladu, vile vitamu vya sherehe. Yeye hakuletewa hata moja.

Miezi miwili baadaye, asubuhi ya mvua, mkewe Phulmatiya alitia mkono kwenye rundo la samadi kavu ya kuwashia moto, akaumwa na nyoka. Bhurelal alimpakia kwenye baiskeli hadi geti la hospitali ya kiwanda. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwamo ndani, kwenye friji; barua ya kuiagiza niliipiga taipu mimi. Tiwari, askari wa geti, akaangalia kadi yake ya kazi.

"Kadi ya kijani. Wewe wa mgodini. Hapa ni kwa watu wa kiwandani."

"Tiwari-ji, mke wangu anakufa!"

"Mpeleke Satna, kaka. Amri si yangu."

Satna ni saa nzima kwa basi. Niliposikia nilikuja mbio na nakala ya kiapo, nikampigia meneja Saksena kwa simu ya getini, nikamsomea.

"Hicho ni cha mambo ya ushuru, wewe!" akafoka. "Usinichanganyie mambo." Akakata.

Ningeweza kumrukia Tiwari. Ningeweza kupiga kelele mpaka daktari atoke. Nilisimama tu na karatasi yangu, mjinga mimi.

Bhurelal alimlaza mkewe chini ya paa la kibanda cha askari. "Mshike mkono, asilale," akaniambia. Akaenda hatua arobaini hadi pale mkanda unapopita, akavuta kamba ya kuuzimia. King'ora kikalia. Mkanda uliosimama umejaa mawe hauwaki tena kirahisi, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

Saksena alifika akitweta, tai begani.

"Nani kasimamisha kiwanda changu?"

"Kiwanda, sahib?" Bhurelal alikuwa bado ameishikilia kamba. "Mimi si wa mgodini? Kiwanda ningekisimamishaje?"

"Achia hiyo kamba!"

"Fungua geti, nitaachia."

Geti likafunguliwa. Phulmatiya alipona, ingawa vidole viwili vilikatwa.

Barua ya kumfukuza kazi niliipiga mimi, laana iwe juu ya mikono yangu. Nikampelekea palepale getini, nikamsomea kama nilivyomsomea kile kiapo: ameachishwa kwa kosa la kusimamisha kazi ya kiwanda.

"Kazi ya nini?"

"Ya kiwanda."

Aliwasha bidi taratibu.

"Rudia hapo, karani. Kwa sauti, Tiwari naye asikie."