Jina la Baba kwenye Kadi za Tata

Wiki jana mjukuu wangu anayekaa Kahawa Sukari alinionyesha mwaliko wa harusi yake ndani ya simu. Maua yalikuwa yakifunguka yenyewe na wimbo unalia. "Cucu, iko poa?" akaniuliza. Nikamwambia iko poa. Alipoenda nilikaa peke yangu, na mawazo yakanirudisha Ruiru, kwenye laini, zile nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, mwaka ule niliopewa kazi ya kuandika kadi za harusi kwa mkono.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alifariki nikiwa bado natambaa. Baba alichukuliwa na askari wa wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, akafungiwa kambini huko mbali. Nilibaki na nyanya na tata, dada mdogo wa baba. Watoto wa laini walikuwa wamekatazwa kucheza na mimi kwa sababu ya baba, kwa hivyo jioni zangu zilikuwa ndefu. Niliandika chini kwa kijiti, nikafuta, nikaandika tena. Hivyo ndivyo mwandiko wangu ulivyokuwa mzuri.

Tata akaposwa na fundi mmoja wa Thika. Harusi ingekuwa ya kanisani, na kwaya, na gauni la kuazima. Mwalimu wangu, mama mpole aliyependa mambo yafanywe sawasawa, akatuletea karatasi za manila na chupa ya wino, akanifundisha. Kadi ya mchungaji na ya karani wa shamba ikunjwe katikati, ifungwe utepe, na maneno yaanze na "kwa heshima kubwa". Ya wanakwaya na jamaa iwe kipande kimoja, na maneno ya kawaida. Majirani wa laini waambiwe kwa mdomo, maana wengi hawakujua kusoma. Nyanya akakubali. "Kadi ikivaa koti kumshinda mgeni," alisema, "mgeni ataona haya kuja."

Nilifanya kazi hiyo siku tatu, nimekaa mlangoni penye mwanga. Mistari ya pembeni niliipaka kwa bluu ya kufulia iliyolowekwa kwenye kifuniko. Kona ya juu nilichora tawi la kahawa lenye maua, kwa sababu ndilo ua pekee nililolijua vizuri. Ndani ya nyumba mlinuka wino na moshi, na nyanya alikuwa akikoroga uji wa unga tuutumie kama gundi.

Kulikuwa na swali moja tu: mwalikaji ni nani? Babu alikuwa ameshakufa. "Mwenye nyumba ndiye huita watu," nyanya akasema. "Andika jina la baba yako." Nikaliandika juu kabisa, kwenye kadi ishirini na nne, kwa herufi kubwa kuliko zote. Sijawahi kufurahia kuandika neno kama nilivyofurahia hilo.

Mwalimu alipokuja kuzitazama, alishika ya kwanza akasoma jina lililo juu. Kisha akasema polepole, "Mama, hizi haziwezi kwenda. Karani hawezi kuweka jina hili mfukoni. Hata mchungaji ataulizwa maswali."

"Mwanangu hajafa," nyanya akajibu.

"Sijasema amekufa, mama. Nasema watu wataogopa kuja."

Tukamwangalia tata. Alikuwa amesimama karibu na meko, mkono mdomoni. "Mama," alisema, "nikimngoja arudi nitazeekea hapa. Andikeni jina la mchungaji." Halafu akalia, akatoka nje.

Mwalimu akaenda. Nyanya akakusanya kadi zote mapajani na kuniita. Hakujua kusoma. "Jina lake ni gani hapa?" Nikashika kidole chake nikakiweka juu ya jina. Akalipapasa, akatia kadi motoni, akachukua nyingine. Tulifanya hivyo mara ishirini na nne. Hakulia, na mimi sikuthubutu.

Kesho yake nilianza upya, na jina la mchungaji juu. Zilikuwa safi kuliko zile za kwanza, maana mkono ulikuwa umezoea. Watu wakaja wote. Karani alivaa tai, kwaya ikaimba, wali ukatosha. Niliwaona wageni wakionyeshana tawi langu la kahawa na kusifu, nami nikajificha nyuma ya kanisa nisije nikaulizwa ni kazi ya nani. Jioni tata akaenda na bwana yake, baadaye wakahamia Ngoliba, kwenye jua kali. Tukabaki wawili, na nyumba ikawa kubwa.

Baba alirudi baada ya miaka miwili, amekonda, anaongea kidogo. Siku moja tukipalilia mahindi akaniuliza, "Harusi ya tata wako, nani aliita watu?"

"Mchungaji," nikamjibu.

"Alifanya vizuri," akasema, akaendelea kulima.

Ningeweza kumwambia habari za zile kadi za kwanza wakati huohuo. Nilidhani nitamuumiza. Nikangoja siku nzuri zaidi, na miaka ikapita nikingoja, hadi tukamzika. Nyanya alitangulia, tata akafuata. Kahawa iling'olewa, laini zikabomolewa, na mahali tulipokuwa tukikaa pana gorofa za kupangisha. Nilipita hapo mwezi uliopita. Askari wa geti akaniuliza natafuta nani. Nikatafuta jina la kumtajia, lakini wote wamekwisha. Nikamwambia nimepotea njia.