Wanaotua Chini si Wao

Nakumbuka siku moja ya mwishoni mwa kiangazi, mjukuu wangu Kabula. Ningeambiwa nichague siku moja tu ya kuirudia, ningeichagua hiyo. Ningeiacha hata ya harusi yangu, na babu yako huko aliko anisamehe. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimesukwa nywele jana yake, na masikioni nilikuwa na wito mmoja tu, wito wa mnada wa Bariadi.

Najua unashangaa kwa nini jana nilikukaripia pale lambo, kwenye maji ya ng'ombe. Ulimpiga picha kereng'ende, simu ikakutajia jina lake la kizungu, ukaruka kwa furaha. Mimi nikakuuliza, "Alitua wapi?" Ukasema hukuona, picha ilishatoka. Nikapandisha sauti mbele ya wenzako. Hasira ile haikuwa yako, mwanangu. Ilikuwa yangu mwenyewe, na nimeibeba tangu siku hiyo ninayokusimulia.

Nililelewa Mwamapalala na bibi yangu Milembe, mama yake baba. Bibi hakusoma hata darasa moja, lakini kereng'ende aliwajua. Aliwajua wale wembamba wanaokunja mabawa mgongoni, ambao huwakuti penye maji yaliyochafuliwa. Aliwajua wekundu wa kwenye matete, kila mmoja na kijiti chake, akifukuzwa anarudi palepale. Na zaidi ya wote aliwajua wa mvua. Hao huja kwa makundi kabla ya masika yetu, wakitanguliwa na upepo, rangi yao ya dhahabu iliyofifia. Bibi akiwaona, baba anashusha masuke ya mbegu yaliyokaa juu ya meko mwaka mzima, tunapanda mtama kwenye vumbi, na mvua inaukuta ardhini. Majirani nao walikuwa wanachungulia kwetu. Wakiona sisi tumeshika majembe, nao wanashika.

Mwaka ule macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na watu kama vivuli, basi. Asubuhi hiyo aliniita jikoni, akanishika mkono.

"Ng'wanawane, mwanangu, leo macho yangu ni wewe. Nenda lambo, ukae. Usiwaangalie wakiruka, wakiruka wote wanafanana. Subiri mpaka wachoke. Wa mvua haketi chini, ananing'inia kwenye kijiti, kichwa juu, kama nguo kwenye kamba. Wanaotua chini si wao."

"Nimesikia, bibi."

"Hujasikia. Mguu wako mmoja uko mnadani."

Alikuwa hivyo bibi, haoni lakini huwezi kumficha kitu. Nikacheka, nikaondoka.

Nilifika lambo ng'ombe wakiwa wanatoka kunywa. Kereng'ende walikuwa wengi, wa njano njano, wamezizunguka kwato, wengine wananipita magotini. Moyo wangu ulipasuka kwa furaha. Nilisimama hapo labda muda wa kumaliza muwa mmoja. Ng'ombe waliendelea kutembea, kereng'ende wakaendelea kuwafuata, na mimi nikaona kazi imekwisha. Sikukaa. Hata kanga niliyopewa niitandike chini sikuikunjua.

"Wamekuja," nilimwambia bibi.

"Umewaona wakitua?"

"Nimewaona, bibi."

Hilo ndilo neno, mwanangu. Maneno mawili tu, na yalikuwa ya uongo. Bibi aliinua uso akamwita baba, na baba akashusha masuke. Mimi nikaenda mnadani. Wala sikumbuki nilichokiona huko.

Siku hizi wewe umenieleza mwenyewe kutoka kwenye simu yako. Wapo kereng'ende wanaofuata ng'ombe na hata watu, wakisubiri vijidudu vinavyotimuliwa na miguu. Ng'ombe akisimama, wao hutua kwenye vumbi kumngoja. Hawana habari na mvua. Bibi alinieleza hivyohivyo kwa maneno machache zaidi, na nilihitaji tu kukaa mpaka ng'ombe wasimame.

Yalinyesha manyunyu ya siku moja. Mtama ukachomoza, ukaturingishia kijani chake, halafu jua likawaka mpaka ukakauka wote. Mbegu ambazo hazikuota zilifukuliwa na kanga wa porini. Majirani waliotufuata walipoteza zao pia. Hakuna aliyenilaumu mimi. Walisema bikizee Milembe amekwisha, akili imefuata macho. Walisema kwa sauti, mbele yake, kama vile masikio nayo yalikuwa yameingia ukungu.

Baba hakumwuliza tena habari za mvua. Hilo lilimuuma bibi kuliko maneno ya majirani, niliona. Mtu aliyekuwa anasubiriwa na kijiji kizima akawa mtu wa kusogezewa kigoda kivulini.

Ilibidi mbegu zikaombwe kwa kaka yake bibi, mwendo wa nusu siku. Bibi akasema ataomba mwenyewe, kwa sababu neno lilikuwa lake. Mimi nikamwongoza, ameshika ncha moja ya fimbo na mimi nyingine. Tulitembea hadi jua likawa kali. Katikati ya njia akasimama.

"Walitua chini, sivyo?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, ili alale. Ningesema ndiyo, bibi, sikukaa, na pale pale angerudishiwa kitu chake. Angejua kwamba akili yake iko salama. Nikatazama barabara.

"Sijui, bibi."

Akatikisa kichwa. "Haya, twende."

Hakuniuliza tena mpaka alipofariki, na mimi kila mwaka nilijiambia nitamwambia mwaka huu. Alipokaribia mwisho alianza kusema, "Labda nilikosea mimi." Nilikuwa namlisha uji. Niliendelea kumlisha uji, mwanangu.

Juzi uliponiambia kwamba wale wa mvua wanavuka bahari, kwamba kuna watu India na Japani wanaowajua na kuwangojea, na kutumiana picha zao, nilitoka nje ukadhani nimekwenda kuangalia kuku. Nilikuwa nalia. Jinsi ambavyo bibi angefurahi! Angesema, "Kumbe na huko wana macho." Nina hamu nawe, bibi. Uzee wangu wote nina hamu nawe, na hamu hii haina dawa.

Ndiyo maana kila mwishoni mwa kiangazi unaniona nabeba kigoda kwenda lambo. Watu wa ofisini waliohamia huku wananisalimia kwa huruma, wanadhani nimechanganyikiwa. Nakaa. Ng'ombe wanakunywa, wanapanda ukingoni, wanasimama, na kereng'ende wao wanashuka mmoja mmoja kwenye vumbi karibu na miguu yangu. Hapo huwa nasema kwa sauti, "Walitua chini, bibi. Hukukosea." Nasema kila mwaka. Haifiki.

Sasa sikiliza, Kabula. Sikukatazi simu. Piga picha, jua majina yote ya kereng'ende wa dunia nzima, wembamba na wanene, na uwaandikie hao wa Japani kwamba huku Simiyu tunao. Lakini kaa mpaka atue. Mtu akikutuma uwe macho yake, usimpe ulichotamani kukiona. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema siku hiyohiyo, mwenyewe akiwa bado anaweza kukusikia. Usingoje mwaka ujao. Aliyebeba lawama yako anazeeka kila siku.

Mungu akupe macho ya bibi Milembe kabla hayajaingia ukungu. Akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo. Mvua ikukute umeshapanda. Na kesho asubuhi, ukipenda, beba kigoda chako, twende wote. Macho yangu nayo yameanza kuona vivuli, na nitakuuliza walitua wapi.