Shina la Pembe Tatu

Kazi yangu ni kuinama. Watu wakiniuliza nafanya nini, nasema natambua majani, wanacheka, wanadhani natania. Nani asiyejua majani? Lakini ndivyo ninavyopata mkate wangu miaka yote hii. Nafuatana na wapimaji, napiga magoti wanaponionyesha, nachambua kilichoota pale na kutaja jina lake. Magoti yamekwisha. Mgongo ndio usiseme. Jioni nikishuka kwenye bajaji pale Bonga, dereva hunisubiri ninyooke kwanza ndipo aondoke.

Mwaka ule tuliitwa kupima ukingo wa ziwa, hapa hapa Babati. Tunaanzia kwenye maji, tunapanda kwa mstari kuelekea nchi kavu, na kila baada ya hatua chache tunalaza chini fremu ya mraba ya chuma. Kilichomo ndani ya fremu nakihesabu mimi. Majani ya majini yakiwa ndiyo mengi, tunaendelea kupanda. Yakizidi ya nchi kavu, ukoka na sangari na jamaa zao, basi ziwa limeishia hapo, na kigingi kinachomekwa. Chini ya kigingi hakuna kulima.

Kwa asiyeangalia vizuri, yote ni kijani tu. Nyasi shina lake ni la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi katikati ni wazi kama mrija. Ndago na ndugu zake wa majini shina limejaa, halina kifundo, na ukilizungusha kati ya vidole linagoma, maana lina pembe tatu. Halafu kuna kundi la tatu, hilo ndilo linalonitoa jasho: mviringo kama nyasi, lakini halina kifundo hata kimoja, na ndani limejaa kitu cheupe laini kama sponji la godoro. Nalo ni la majini. Matete yamesimama ndani ya maji kabisa, na bado ukoo wake ni nyasi. Kichwa kinakuuma? Hata mimi.

Orodha ya mistari ilipotoka, niliona mmoja unapita katikati ya shamba la mama yangu, upande wa Nakwa. Shamba lenyewe si shamba la kujisifia. Juu mahindi, katikati maharage, na chini kabisa, karibu na maji, mboga. Kile kipande cha mboga ndicho kinachomlisha kiangazi chote, watu wengine wanapoangalia vumbi. Na kilichoota kati ya matuta yake, ndago tupu, nilikijua vizuri, kwa sababu alikuwa ameniomba nije nimsaidie kupalilia nami sikwenda.

Nikapanga. Mkubwa wetu wa msafara alikuwa kijana mwenye adabu, bingwa wa ramani, lakini ukoka na ndago kwake ni kitu kimoja. Nitakachotaja ndicho atakachoandika. Sijawahi kudanganya katika kazi hii. Kwa ajili ya mama yangu nilikuwa tayari, na sioni haya kusema.

Kilichobaki kilikuwa kumweleza mama mwenyewe. Kila jioni nasema leo napitia Nakwa. Kila jioni najikuta nyumbani, miguu kwenye beseni la maji ya moto, nasema kesho. Na mama yangu humwelezi jambo kwa dakika mbili. Atauliza nani kasema, kwa nini, na jirani je, kisha ataanza upya kwa sauti ya juu zaidi. Nilichoka hata kabla ya kwenda. Isitoshe, nikajipa moyo, siku yenyewe ni ya soko, hatakuwepo shambani.

Alikuwepo. Tena na kitenge chake cha kanisani, chupa ya chai na viazi kwenye sufuria, kwa sababu jirani alimwambia mwanao anakuja kufanya kazi na wakubwa.

"Shikamoo bibi," mkubwa wetu akamsalimu.

"Marahaba, baba. Karibuni, karibuni sana."

Tukalaza fremu katikati ya mboga. Nikapiga magoti, nikashika shina la kwanza. Pembe tatu. La pili, pembe tatu. Fremu nzima.

"Ukoka," nikasema. "Ukoka mtupu."

Kijana akaandika kwenye simu yake. Nyuma yangu mama akaangua kicheko.

"Ukoka? Wee! Mwanangu umechoka wewe, jua limekuingia." Akainama, akang'oa shina moja, akamtia kijana mkononi. "Zungusha, baba. Unaona linavyokataa? Hii siyo nyasi, hata ng'ombe anajua."

Kijana akazungusha. Mama, jamani, akaanza kumsimulia. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinituma kukata nyasi za kuezekea, nami nakata chochote kilicho kirefu. Akanifungulia mzigo wote uani, akanikalisha chini nipapase shina moja moja mpaka nitoe yote ya pembe tatu, kwa sababu hayo huoza upesi na paa linavuja. Ni kweli. Ninachokijua nilikijulia pale uani. Chuo kiliongeza majina tu.

"Huyu nilimfundisha mimi," akamalizia, amejaa furaha.

Kijana hakucheka. Aliniangalia, akaliangalia shina, akaniangalia tena.

"Dada, tuandike upya?"

"Tuandike," nikasema.

Basi mama akatutangulia. Na hapa yapo, na hapa pia, njoo uone hapa, baba. Alitupandisha shamba lake lote la chini hatua kwa hatua, anang'oa na kuonyesha, mpaka tukaingia kwenye maharage. Hapo ndipo kigingi kilipochomekwa. Wenzangu wakanywa chai, wakashukuru, wakabeba fremu kwenda kwa jirani.

Mimi nikabaki. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, maana nikikaa nisingeinuka. Hakuniuliza nani kasema. Alikuwa anaangalia mboga zake.

"Kutoka pale kwenda chini chote?"

"Chote, mama."

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

Akakifunga kifuniko cha chupa, polepole, akakikaza.

"Ungeniambia tu, mwanangu," akasema. "Ningenyamaza."