Kipimo Alichokikataa Mama Mdogo

Mama hurudi kutoka nyumba ya wazee anakofanya kazi, anavua viatu mlangoni, na kabla hata ya salamu anauliza, "Wale batu ba ku Bulaya wamesema nini leo?" Batu ni watu, Bulaya ni Ulaya. Hapa Quakers Hill, mbali kabisa na Ulaya, majirani hufuatilia kriketi na bei za nyumba. Sisi tulifuatilia chaguzi za Ubelgiji, kwa sababu mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa huko, na mabinti zake wawili walikuwa bado Kampala kwa mama mmoja wa kanisa, wakingoja kuitwa.

Mimi ndiye mtaalamu wa nyumba. Nilisomea siasa za Ulaya kwenye chuo kikuu cha hapa hapa, pale Kensington. Nikiulizwa sababu kwenye usaili wa kazi nasema mambo mazuri kuhusu demokrasia, lakini sababu ni mama mdogo. Shahada ninayo. Kazi niliyonayo ni ya kupanga maboksi kwenye ghala, na katikati ya maboksi nawaza kama ningejibu vingine kwenye usaili wa mwisho, au kama hata swali nilielewa.

Serikali mpya ya mseto ilipoundwa kule na kukaza masharti ya familia kuungana, mama alivuta kiti jikoni. Nikaeleza. Chama cha mrengo wa kulia kimepata nguvu, vyama vya katikati vimeogopa. Si kwamba wote wana chuki, nikasema, wapo wanaohangaika na kodi za nyumba na shule zilizojaa. Kisha nikajisahihisha kwamba hata hivyo si wageni walioleta shida ya nyumba, kisha nikaona labda nimerahisisha mno, nikaanza upya.

"Mama," akasema. Huniita mama akiwa amechoka. "Miye sikuuliza ile yote. Batoto watakuja, ao hawatakuja?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba binti mkubwa anakaribia miaka kumi na minane, na akifika hapo mlango wake unafungwa. Na nilijua kwamba ofisi ya kule imeomba kipimo cha DNA: kijiti cha pamba kinapitishwa ndani ya shavu la kila mtoto, basi.

Basi, lakini binti mkubwa hakuzaliwa na mama mdogo. Alizaliwa na dada mkubwa wa mama na wa mama mdogo, aliyefariki siku chache baada ya kujifungua. Nilikuwa mdogo, lakini siku ya mwisho ya matanga naikumbuka. Bibi alimchukua kichanga kutoka mkekani, akamfunga kwa kitenge cha kijani mgongoni kwa mama mdogo, ambaye hakuwa hata ameolewa, akasema mbele ya watu wote, "Kuanzia leo huyu umemzaa weye." Kisha akatuangalia sote, hata sisi watoto. "Atakayerudisha neno hili, si wa kwetu tena." Hakuna aliyelirudisha. Mtoto alikua, akapata mdogo wake, na neno likabaki pale pale mkekani; yeye mwenyewe hajawahi kuambiwa. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Yatima hakai yatima hata wiki.

Jumapili moja jioni mama mdogo alipiga simu, mama akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kuna njia nyingine, ya ulezi, yenye karatasi za mahakama. Anaweza kueleza ukweli, na wakili akamtetea.

"Ukweli gani?" akauliza.

"Kwamba unamlea."

"Nani amekuambia ninamlea?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. "Miye nimezaa. Nikae mbele ya muzungu niseme huyu ndiyo, huyu hapana? Na mutoto akasome kwenye karatasi?"

"Basi umlete yule mdogo kwanza," mama akasema taratibu.

Nilisikia tramu ikipita upande wa pili wa dunia. "Na yule mukubwa nimwambie nini, dada? Kwamba nilimuacha kwa sababu gani?"

Wiki ile mama mdogo aliondoa maombi ya wote wawili.

Niliandika kuhusu mambo haya chuoni. Nilieleza kwa makini jinsi kila serikali inavyolazimika kuamua familia inaanzia wapi na kuishia wapi, nikapima hoja za pande zote. Mwalimu alipenda usawa wangu. Siku hizi naurudia usawa ule kichwani nikiwa kwenye treni, na siupati tena ulipokuwa.

Juzi binti mkubwa alinipigia kutoka Kampala. Tulitaniana kidogo. Aliniambia Kiswahili changu kimekuwa cha redio.

"Dada, weye ulisoma mambo ya Bulaya. Niambie. Mama amepata bwana huko?"

"Hapana."

"Basi mbona amefunga dosye yetu ya maombi? Tulibaki na kipimo tu. Miye nilikuwa tayari kutoa hata damu."

"Ni siasa," nikasema. "Serikali imebadilika."

"Siasa ya Bulaya inanijua miye?" Akacheka, kisha hakucheka. "Kama hanitaki aseme. Lakini huyu mdogo amefanya nini? Mwambie amchukue huyu peke yake. Miye nitabaki."

Mama alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo kwangu, maji yakimwagika juu ya sufuria iliyokwisha kuoshwa. Hakugeuka. Neno la bibi lilikuwa mdomoni mwangu, fupi, lenye kueleza kila kitu, na nikaona jinsi lingemwambia kwamba anapendwa na papo hapo lingemnyang'anya mama yake.

Nikaanza kumweleza kuhusu vyama vya mseto, nani aliogopa nini, nani alimpa nani wizara gani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, bila kunikatiza.

"Aksanti, dada," akasema.