Honi Iliyokatizwa na Sabato

Mpaka leo nikiikumbuka Ijumaa ile damu inanichemka. Gari nililifikisha kwa fundi pale Nyamira saa tatu asubuhi, boksi la vipaza sauti kiti cha mbele, mtoto wangu wa miezi kumi mgongoni. Fundi akasema amalize kwanza pikipiki ya mtu. Pikipiki ikaisha, ikaja nyingine. Gari langu aliligusa saa tisa alasiri.

Ndani ya boksi kulikuwa na amplifaya ya kufunga chini ya dashibodi, spika mbili za kuweka juu ya paa, maikrofoni, na rimoti ndogo ya kushika kiganjani. Ukibonyeza kitufe kimoja honi inalia hadi ng'ambo ya mto, ukibonyeza kingine maikrofoni inafunguka. Rimoti ndiyo niliyoitaka hasa. Dereva ni mimi, mtangazaji ni mimi, na sina mtu wa kukaa kando yangu akinibonyezea vitu.

Kazi ilikuwa kesho yake. Familia moja ya Kikatoliki huko Ekerenyo ilikuwa inamzika baba yao Jumamosi, na walinipa niutangulie msafara kutoka mochari, nikitangaza na kufungua barabara. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Mwanamume aliyezoea kupewa kazi hizo alikuwa ameshawaambia kwamba mwanamke anayenyonyesha atawaharibia mazishi. Nikikosa siku hiyo, hakuna ambaye angeniita tena.

Saa kumi na mbili ilipopita kidogo, fundi alitazama jua juu ya vilima, akaweka koleo chini, akaanza kunawa mikono kwa mafuta ya taa. Yeye ni Msabato. Jua likizama Ijumaa hagusi kazi mpaka lizame Jumamosi. Hilo nalijua, nimezaliwa katikati ya Wasabato. Lakini huwezi kukata honi ya mtu saa tisa kama unajua saa kumi na mbili unaenda kusali. Spika zilikuwa tayari juu ya paa, lakini honi ya zamani ilikuwa imekatwa, mpya haijaungwa, nyaya zinaning'inia kwenye injini kama matumbo ya kuku.

Nikamkumbusha kwamba hata Biblia inasema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, mwenyewe anamtoa.

"Mama, gari lako halijatumbukia," akasema. "Limeegeshwa."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Akayasikiliza yote, akanitakia Sabato njema, akafunga kibanda. Nikaliendesha gari nyumbani hivyohivyo, bila honi.

Asubuhi, nyumbani kwetu Sironga, nilimpa mama yangu mtoto nikafungua boneti. Sekondari nilifundishwa rilei: swichi inayovutwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Sikuwa hodari wa fizikia, lakini mchoro niliweza kuusoma. Nikamenya nyaya kwa kisu cha jikoni, nikazisokota, nikazifunga tepu. Nilipofika kwenye waya mnene wa kwenda betri, nikakuta fyuzi haipo. Nikapekua boksi, viti, mazulia. Hakuna.

Mzee wa Kihindi aliyeniuzia vitu hivyo Kisii alikuwa amenionyesha fyuzi ile kwa kidole. Inakaa karibu na betri, alisema, ili waya ukigusa chuma fyuzi ikatike badala ya gari kuwaka moto. Akamtazama mtoto mgongoni kwangu. "Bila hii usiwashe, dada. Hata dakika moja."

Mama akasema niunganishe tu moja kwa moja, si watu wote hufanya hivyo? Kweli hufanya. Wengine huweka ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Nikakitazama kiti cha nyuma, mahali mtoto hulala nikiendesha, nikakataa. Ilikuwa saa moja na nusu. Msafara ungetoka saa tatu.

Nikamchukua mtoto, nikaliendesha gari hadi kwa fundi nyumbani. Nilimkuta uani na suti, tai, Biblia kwapani. Sikumsalimu. Nikamuuliza fyuzi yangu iko wapi. Akapapasa mifuko ya koti, kisha akageuza macho kwenye kamba ya nguo. Overoli ilikuwa imeanikwa. Mke wake alikuwa ameifua harakaharaka jana yake kabla ya jua kuzama.

"Iko mfukoni," akasema. "Mimi siwezi kukutolea. Lakini sijakukataza."

Nikatia mkono kwenye overoli mbichi mbele ya watu waliokuwa wakipita kwenda kanisani. Fyuzi ilikuwa humo na kishikio chake, safi kuliko siku iliponunuliwa. Nikaifuta na leso ya mtoto, nikatoa kichwa cha betri, nikaanza kuifunga palepale. Fundi akasogea, mikono nyuma, akasimama kama mtu anayetazama mifugo ya jirani.

Nikamuuliza waya huu unaingia pini gani ya rilei. Akaangalia mawingu. Nikaupeleka pini moja. Akakohoa. Nikaupeleka nyingine. Akakohoa tena, kwa nguvu. Pini ya tatu, kimya.

"Una kifua?" nikamuuliza.

"Ni vumbi," akasema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Tukamaliza hivyo, yeye na kikohozi chake, mimi na koleo lake nililolikuta uani, mke wake mlangoni akiziba mdomo kwa kitambaa. Nikarudisha kichwa cha betri, nikarudi nyuma hatua tano, nikabonyeza. Honi ikalia, kuku wakatawanyika, mtoto akapiga makofi. Nikafunga boneti, nikawasha gari.

Saa tatu niliutangulia msafara. Rimoti niliifunga kwenye usukani kwa kamba ya kiatu, maikrofoni nikaitundika karibu na mdomo, nikatangaza kwa Ekegusii jina la marehemu na boma anakopelekwa. Kwenye kona moja lori la majani chai lilikuwa linashuka katikati ya barabara. Nikabonyeza, likajibana pembeni, na gari la maiti likapita bila kupunguza mwendo.

Ekerenyo, walipokwisha kushusha jeneza, kifungua mimba wa marehemu alinijia akaniomba namba ya simu. Mjomba wake alikuwa na mgonjwa ambaye hangefika mbali, akasema, wanataka kujipanga. Nikampa. Kisha nikafungua boneti, nikaushika ule waya mnene kutoka betri hadi kwenye rilei, polepole, kila inchi. Ulikuwa baridi. Nikafunga boneti, nikaketi kiti cha nyuma, nikamnyonyesha mtoto wangu.