Sauti Nyuma ya Ndege

Khamis wa Kaole hakuwa na haja na ndege. Alikwenda barazani kwa mdogo wake, Mrisho, kwa kuwa alisikia video ya ndege iliyoko kwa Mrisho ina sauti ya Swaumu. Swaumu alikuwa mkewe. Hakuiona Ramadhani iliyopita.

Mrisho aliipiga mwaka jana, alipomsindikiza shemeji yake ufukweni kununua samaki wa kukaanga. Siku hiyo Khamis alibaki nyumbani na goti lake. Sasa amekuja binti kutoka Dar, Nadhira, mchunguzi wa ndege. Picha alizotumiwa zilionyesha ndege mkubwa mweusi, mkia panda, basi. Tumbo halikuonekana, na bila tumbo hawezi kumtaja.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Washa.”

Ndege alimwandama shakwe mpaka shakwe akatapika samaki, naye akamdaka samaki huyo hewani. Nyuma ya picha mwanamke akacheka: “Mume wangu, mtazame mwizi yule.”

Khamis alijua ni utani. Shemeji ni mume wa mdomoni, Kaole nzima huitana hivyo. Lakini yeye, miaka yote ya ndoa, aliitwa Baba Adila. Hilo la mume wangu hakulipata hata alipougua.

Nadhira akairudisha. “Mume wangu, mtazame.” Akaipunguza mwendo, sauti ikavutika kama ya mtu anayedeka. Akairudisha tena, akisaka pale ndege anapojigeuza.

“Mke wangu huyo,” Mrisho akasema kwa mazoea. “Hakunificha kitu.”

“Mkeo yumo ndani anakupikia,” Khamis akamjibu. “Binti, zima sauti.”

Ndege akaruka bubu. Kimya kile Khamis alikijua, ndicho kilichokuwa nyumbani kwake.

“Iwashe.”

Safari hii Nadhira aliiacha iende. Ndege akajilaza upande, weupe wa tumbo ukaonekana umepanda hadi makwapani.

“Ndiye,” akasema. “Wa visiwa vya mbali huyu. Pwani hii sijasikia kaonekana.”

Mrisho akajipiga paja. Khamis peke yake ndiye aliyesikia yaliyofuata mwishoni: “Twende zetu. Baba Adila atasema tumeona kunguru.”

Na kweli, angesema hivyo.

“Sauti hii inang'oka kwenye picha?” akauliza.

“Inang'oka, mzee.”

Akatoa kitochi chake, simu ndogo ya kusikilizia mawaidha, isiyojua picha. “Itie humu. Kisha kwenye simu ya huyu mdogo wangu uifute sauti.”

“Kaka, na mimi je?”

“Wewe una ndege.”

Mrisho akacheka. Alipomtazama kaka yake usoni, akaacha. “Mfanyie anavyotaka,” akamwambia Nadhira.

Khamis akarudi kwake, kitochi sikioni. Kilipofika pale pa “mume wangu”, akaitikia, “Naam.”